Mniko Matiko na Matiko Mniko

Nyakunguru, 24 Februari 2018

Okal anasema mtu anayetengeneza programu bila kuandika alichobadilisha, na kwa nini, baada ya wiki mbili atajitukana mwenyewe akidhani anamtukana mtu mwingine. Okal ni binamu yangu. Ana saiba, duka la intaneti, kule Migori, na seva yetu inakaa kwake chini ya meza. Basi leo nimechomoa rafuni kaunta buku moja ya kwaya mbili nikaanza. Nikichanganya mambo ya programu na ya watu, atanisamehe. Hapa dukani huwezi kuyatenga.

Niandike mara moja tu ili nisirudie. Ghala ni maktaba ya mtandaoni. Ina maandiko mia sita na kitu: hadithi, nyimbo za palizi, barua za zamani, historia za koo, kwa Kikurya, Kijaluo, Kiikoma na Kiswahili. Husomwa bure na hakuna anayelipwa. Wazee husimulia, wenye simu hurekodi, wengine huchapa, Mwalimu Ghati husahihisha. Na mimi, Akech Oduol, mwenye steshenari inayotazamana na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ndiye ninayetengeneza programu inayobeba yote hayo. Nilisomea Mwanza miaka miwili, mengine nimejifunza kwa kukosea.

Mvua ya kwanza imenyesha saa nane mchana. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

26 Februari

Umeme hakuna. Nimebana karatasi.

28 Februari

Dhahabu imeonekana kilimani, nyuma ya mashamba ya mihogo. Juzi palikuwa na mbuzi, leo pana watu wa Geita, Kahama na hata Migori. Wanaiita rashi. Maduara, ndiyo mashimo yao, yanachimbwa hatua tano tano, na karasha limeongezwa la pili, kwa hiyo sasa nikiongea na mteja tunasomana midomo.

Rashi imenichukulia Mogesi. Ndiye mchapaji wetu hodari, anachapa Kikurya haraka zaidi kwa dole gumba moja kuliko mimi kwa vidole kumi. Leo ameniaga anakwenda kuuza chai na chapati mlimani.

"Na hadithi?" nikamwuliza.

"Dada Akech, hadithi zitanisubiri. Mchimbaji hasubiri chai."

Nimekasirika, kisha nimenunua chapati mbili.

3 Machi

Mwalimu Ghati amekuja na malalamiko, yaani ni Jumamosi. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne na kwake hakuna kosa dogo. Wiki iliyopita alinirudishia hadithi nzima kwa sababu ya koma. Leo ni fomu ya msimulizi. Nimeondoa kisanduku cha jina la tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kisanduku changu kiko wapi?"

Nikamweleza. Wachapaji wengi wanakiacha wazi. Wengine wanaandika humo namba ya simu. Mmoja aliandika "mgonjwa". Majina mawili yanatosha kumtambua mtu yeyote.

"Yeyote wa wapi?"

"Yeyote, Mwalimu."

"Mwanangu, kwetu jina linarudi. Mtoto anapewa la babu yake. Sasa wewe ukikata la tatu..."

Hapo akaingia mteja anataka kudurufu kitambulisho. Nikainuka, na niliporudi sikumwuliza amalizie. Kusema kweli nilishukuru. Akianza habari za majina hatoki kabla ya ukoo wa nne.

5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Maduara yamejaa maji na wachimbaji wamejaa vibandani. Mmoja ameingia kwangu kujikinga, kijana wa miaka ishirini na sita, saba hivi, tope mpaka kwenye nyusi. Ameangalia ninachofanya, akauliza Ghala ni nini, nikamwambia. Kisha akatoa simu.

"Mimi nimeandika kitu."

Anaitwa Matiko Mniko. Kitu chenyewe kinaitwa "Siku ya Kwanza Chini". Nimesoma mengi humu na si rahisi kunishtua, lakini hiki nimekisoma nimesimama. Kinaanza hivi: "Ukishuka, wa kwanza kukuacha ni upepo. Wa pili ni jina lako, kwa sababu kule chini wote mnaitwa wewe." Baadaye anamtaja kaka yake Joram, aliyefukiwa na duara miaka mitano iliyopita, na jinsi yeye Matiko alivyokuwa akimulika ukutani kila hatua akitafuta sijui nini.

Akauliza Ghala inasomwa wapi. Popote penye mtandao, nikasema. Na Morotonga? Na Morotonga.

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yake ni Mzee Mniko Matiko wa Morotonga, msimulizi wetu bora kuliko wote. Na kwamba kwao wanajua Matiko yuko Natta, kambi ya watalii, anatandika vitanda. Ni kweli aliwahi kuvitandika, mpaka msimu wa wageni ulipokwisha wakamwachisha. Baada ya kumzika Joram, mzee alimshika mkono pale kaburini akamwapisha asishuke ardhini. "Nimebaki mimi tu wa kiume," akasema. "Akijua, itamwua. Au atanifuta."

"Sasa kwa nini unatuma?"

"Mzee hasomi. Na dada yangu Wegesa anashughulika na za mzee tu. Halafu," akacheka, "nataka kuona jina langu."

Nikampandishia palepale. Nikamwambia siri yako iko salama, mimi siyo redio.

9 Machi

Leo nimejipongeza kwa ugali na sato.

Tatizo lilikuwa majina pacha. Mtu akitafuta hadithi za Ouma Oduol anapata nne. Akitafuta Oduol Ouma anapata sita. Ni mzee mmoja, mchuuzi wa ng'ombe kule Shirati, ila wachapaji wawili walimwandika kwa njia mbili. Nalijua sana jambo hili. Walimu wetu waliandika jina la baba mwanzo au mwisho kadiri walivyoamka. Cheti changu cha kidato cha nne ni cha Oduol Akech, na mtu huyo sijawahi kumwona.

Nimeandika mistari kumi na minne. Programu inachukua majina mawili ya msimulizi, inayapanga kwa alfabeti, na yakilingana na ya mwingine inaamua ni mtu mmoja. Linabaki lile lenye maandiko mengi. Nimeiendesha saa tano asubuhi. Wasimulizi walikuwa mia mbili na kumi na wawili, sasa ni mia moja sabini na mmoja. Ukurasa umekuwa safi mpaka unatamani kuufagia tena.

Okal ametuma sauti: "Nyamera, umeua! Hiyo sasa iko sawa kabisa." Nyamera ndiyo dada kwa Kijaluo.

10 Machi

Mvua. Mogesi amepita na birika. Hachapi, lakini amesema anasoma.

12 Machi

Mvua. Mtandao unakuja unakwenda.

14 Machi

Nimemaliza kazi niliyoiahidi tangu Krismasi. Ghala ina kanuni moja ambayo Mwalimu Ghati aliiweka siku ya kwanza na hataki isogezwe: andiko halikai mpaka mwenyewe asomewe, kwa sauti, akubali. Kama hasomi, aliyemrekodi anamsomea. Sasa programu inafanya hesabu yenyewe. Kila mrekodi anapata kwenye simu orodha ya maandiko ya mzee wake ambayo hayajasomwa, anasoma, anabonyeza "amekubali".

Wa kwanza kupelekewa ni Wegesa, dada yake Matiko. Mzee wake ameshatoa hadithi kumi na nane na anasema ziko arobaini. Kikohozi kinamsumbua, hivyo nataka zipatikane zote kabla ya mvua kuisha. Nasema hivi na najiona mroho.

18 Machi, Jumapili

Wegesa amenipigia nikiwa nimetoka kanisani. Sikumwelewa kwanza, alikuwa analia na bati la kwao linapigwa na mvua.

Walikuwa jikoni. Alikuwa anamsomea mzee orodha, moja baada ya nyingine, kama kawaida, bila kupitia kwanza. Ya tatu ilikuwa "Siku ya Kwanza Chini". Alidhani ni ile ya nyegere na shimo. Akasoma mistari miwili.

"Hiyo sikusimulia," mzee akasema.

"Imeandikwa jina lako, tata." Tata ndiyo baba kwa Kikurya.

"Basi soma."

Akasoma. Anasema alielewa alipofika kwenye jina la Joram. Akasimama. Mzee akamwambia, maliza. Akamaliza. Mzee akaingia ndani, akafunga mlango, na mpaka ananipigia hajala.

Kabla ya kufunga alisema maneno matatu ya kufikishwa. Zake zote ziondolewe. Asirekodiwe tena. Na Matiko asije kumzika.

Nimefungua kompyuta hapohapo, kitambaa kikiwa bado kichwani. Mniko Matiko, maandiko kumi na tisa. Matiko Mniko, hayupo.

19 Machi

Nimezificha kumi na tisa zote. Kisha nimekwenda kwa Mwalimu Ghati mwenyewe, kwa miguu, kwenye matope. Kila hatua nilikuwa natunga utetezi na hakuna uliofika mlangoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu na nyuma ya risiti akaniandikia, kama darasani. Matiko amemzaa Mniko. Huyo anaitwa Mniko Matiko. Mniko naye akipata mtoto wa kiume anampa la baba yake. Huyo anaitwa Matiko Mniko. Huyo naye akizaa, ni Mniko Matiko tena.

"Ukigeuza majina ya Mkurya," akasema, "hujamwandika vibaya. Umemwandika baba yake."

"Na babu na mjukuu..."

"Wanalingana herufi kwa herufi. Hao huulizwa. La tatu ni la baba na mwana: hata ukiyageuza, mmoja ana Mniko mbili na mwingine Matiko mbili."

Mimi nimezaliwa Sirari. Nimesoma na Wakurya, nimewauzia kalamu, nimecheza harusi zao. Nimesikia majina hayo maisha yangu yote, na sikuwahi kuyatazama. Nilidhani dunia nzima imeandikwa kwenye cheti changu.

Nikamwomba msamaha. Nilitegemea anisomee asiyesikia la mkuu. Akasema, "Na mimi ningesubiri yule wa kitambulisho aondoke." Basi. Akavaa gambuti, tukarudi wote dukani.

Tumekaa tangu saa nne mpaka saa kumi. Ninamsomea kila jina lililounganishwa, yeye anafumba macho. "Huyo ni mtu mmoja. Huyo ni baba na mwana, wa Gibaso. Huyo ni mmoja, alikuwa anaandika vibaya mwenyewe." Hakuangalia popote, familia zote ziko kichwani. Kati ya jozi arobaini na moja nilizounganisha, ishirini na sita zilikuwa sawa, nyingi za kwetu Wajaluo. Kumi na tano zilikuwa baba na mwana.

Mwanamke huyu nimemwita king'ang'anizi kwa miaka mitatu. Nimemwita hivyo hata mbele ya Okal.

Okal ametuma sauti nyingine: "Sister, usilie bana. Si kuna kopi ya kila siku? Rudisha ile ya tarehe nane, maneno kwisha." Nimemjibu kwamba seva ina kopi ya tarehe nane ila Mzee Mniko hana.

20 Machi

Nimemngoja Matiko apande kutoka duarani, nikamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Sikupunguza kitu.

Hakufoka, na heri angefoka. Aliuliza tu mzee alisikia mpaka wapi. Mpaka mwisho, nikasema.

"Ulisema wewe siyo redio."

Akaenda kwenye mvua bila kuvuta kofia.

22 Machi

Mvua.

23 Machi

Mvua. Kisanduku cha jina la tatu kimerudi. Sasa hakiachwi wazi. Asiyelijua anabonyeza "nitauliza", na programu inamkumbusha kila siku mpaka aulize. Mistari kumi na minne nimeifuta. Majina yakifanana, mashine inauliza mtu, haiamui yenyewe.

Ni kazi nzuri kuliko ya tarehe tisa, na hakuna aliyenipongeza, wala sitaki.

26 Machi

Duara la watu wa Kahama limeporomoka asubuhi, matimba, magogo ya kuzuia udongo, yalikuwa mabichi. Wote wanne wametolewa, mmoja mguu umevunjika. Nilisikia kelele nikajikuta nimefika mlimani, sijui nani alifunga duka. Matiko alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanafukua. Aliniona, akaniinamishia kichwa kidogo. Nimerudi nikifikiria kwamba kuna mtu Morotonga ambaye tangu Jumapili ile kila mvua inayonyesha huku inamnyeshea yeye.

30 Machi, Ijumaa Kuu

Matiko amekwenda Morotonga jana na amerudi leo. Mzee hakutoka. Matiko alikaa barazani tangu saa sita mpaka jioni, mama yake akamletea chakula, na mlango ukabaki umefungwa. Amenieleza hayo akitazama kabati la kalamu.

"Kwa nini usiache tu, Matiko? Urudi kwenye jembe."

"Dada, shamba lile halitutoshi hata tukilala." Halafu akasema, "Nikiacha leo itakuwa nimeacha kwa sababu nimekamatwa. Hatanisadiki tena hata nikisema kumekucha."

2 Aprili

Mwalimu Ghati ameandika barua kwa Mzee Mniko, kwa Kikurya, kurasa mbili, akaniletea nisome ingawa sielewi vizuri. Nimeona jina langu mara tatu. Nimemwuliza anasema nini. "Kwamba kosa ni la Ghala, na la Ghala ni langu. Wewe umetajwa kama mtoto wa nyumba."

Nikaenda stoo kutafuta karatasi ambazo sikuzihitaji.

5 Aprili

Hakuna jibu. Karasha la tatu limesimikwa.

8 Aprili, Jumapili

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Saa sita na robo mlango umefunikwa na mtu mrefu, koti la mvua, fimbo, Wegesa nyuma yake ameshika mfuko. Sikuwahi kumwona mzee huyu ila sauti yake naijua kuliko ya baba yangu, maana nimeisikiliza kwenye spika miezi minane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani Akech?"

"Ni mimi."

Akanitazama kwa muda. "Nilifikiri ni mtu mkubwa," akasema, akakaa.

Wegesa alimsomea barua ya Mwalimu mara mbili kule nyumbani. Mara ya pili mzee aliuliza gari la Nyakunguru linaondoka saa ngapi.

"Nataka kusikia ile tena," mzee akasema. "Na asome aliyeandika."

Nikampigia Mogesi mlimani. Sijui alimwambia nini, ila hazikupita dakika ishirini Matiko akasimama mlangoni, amenawa uso tu. Hawakusalimiana vizuri. Nimeweka andiko kwenye skrini nikamwachia kiti changu. Nikataka kutoka, mzee akaninyooshea fimbo nibaki.

Matiko akasoma. Alianza kwa sauti ya chini, karasha likaimeza, mzee akasema "Paza." Akapaza. Akasoma upepo, akasoma jina, akasoma kamba na matimba na maji yanayodondoka shingoni. Alipofika kwa Joram sauti ikakatika. Akaanza upya sentensi ile, akasoma mpaka mwisho. Pale mwisho anasema kwamba hakuona alama yoyote ukutani, na kwamba alipopanda alikaa juani akaona aibu kuwa hai.

Mzee alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini hujui. Kuna mtu umemwacha nje."

"Nani, tata?"

"Joram alijuaje kusoma mwamba?"

Matiko akageuza kiti amtazame.

"Mimi nilichimba. Kabla ya mama yenu. Mgodi wa Mzungu, miaka minne. Hakuna aliyejua hapa, nilisema nilikuwa naswaga ng'ombe. Joram alikuja kuniuliza jiwe gani ni jiwe, na mimi, mjinga, nikafurahi. Nilimwonyesha kwa mkono huu. Huu una mshipa, huu hauna, ukiona rangi hii fuata. Alifuata." Akakohoa sana, Wegesa akamshika mgongo, mzee akamwondoa mkono. "Sikukuapisha kwa sababu yako. Nilikuapisha kwa sababu yangu."

Karasha lilikuwa linasaga. Wegesa alikuwa analia, na mimi pia nililia, sioni haya kuandika.

"Sasa andika," mzee akamwambia Matiko. "Si unajua kuandika? Andika ninavyosema. Usinisaidie maneno."

Akasimulia tangu saa saba mpaka saa kumi kasoro. Matiko akichapa kwa vidole viwili, kichwa chini. Alipofika siku ya duara la Joram, vidole vikasimama.

"Andika."

"Tata, hapa..."

"Hapo hasa. Usiruke."

Akaandika.

Walipomaliza nikauliza jina, kwa sababu ni kazi yangu kuuliza. La mzee, akasema Matiko. La huyu, akasema mzee, mimi sijui kusoma. Nikasema programu inakubali msimulizi mmoja tu kwa andiko moja. Wote watatu wakanitazama.

"Nitarekebisha," nikasema.

Kabla ya kuondoka mzee amenirudishia ruhusa ya zile kumi na nane na ameahidi zilizobaki. Kwa Matiko alikuwa na maneno machache. Kushuka hajamruhusu na hatamruhusu. Mtu mzima hafungwi kamba. Lakini uongo umemwuma kuliko shimo, kwa hiyo uongo uishe. Kila siku atakayoshuka, mzee ajue amepanda. Matiko akasema kule chini simu haishiki na huwa anaiacha kwa mwenzake.

Mzee akanielekea mimi. "Huyu alinifungulia mlango bila kubisha hodi. Basi akae mlangoni. Nitapiga hapa."

9 Aprili

Andiko moja sasa linaweza kuwa na wasimulizi wawili au zaidi, kila mmoja na majina matatu. Mistari sitini. Mwalimu Ghati amekuta koma mbili zimekosewa kwenye la mzee na Matiko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuzigusa.

10 Aprili

Saa kumi na moja na nusu jioni simu ikaita.

"Amepanda?"

Nikachungulia. Matiko alikuwa anavuka barabara na koleo begani. "Amepanda, mzee." Akakata.

11 Aprili

Amepanda.

12 Aprili

Amepanda. Mzee hasemi hata haloo.

16 Aprili

Amepanda. Mogesi amerudi kuchapa, jioni, kati ya birika na birika. Anasema wachimbaji wanamwomba awasomee ile ya baba na mwana wakinywa chai. Ameisoma mara sita.

19 Aprili

Mvua ya mawe. Mtandao ulikatika saa tisa. Mzee ameupata saa kumi na mbili: "Amepanda?" Zamani kidogo, nikamwambia. Nimesikia anapumua.

24 Aprili

Amepanda. Nimegundua kwamba tangu saa kumi huwa siwezi kuandika mstari hata mmoja wa programu. Natazama barabara.

27 Aprili

Amepanda.

30 Aprili

Amepanda. Wegesa ametuma hadithi ya ishirini na nne. Imekubaliwa.

2 Mei

Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu, tangu saa tano. Saa tisa maji yalikuwa yanapita katikati ya barabara yakibeba ndoo za watu. Saa kumi Mogesi amekimbia kuniambia kwamba maji yameingia maduara ya upande wa chini na pampu moja imekufa. La kina Matiko liko upande wa chini.

Saa kumi na moja na nusu simu.

"Amepanda?"

Nilikuwa nimeshafikiria kumdanganya. Neno lilikuwa mdomoni, lingemtuliza nusu saa. "Bado, mzee."

Hakukata. Mimi pia sikukata. Tulikaa hivyo, naisikia mvua yake na yeye anaisikia yangu, mpaka laini ikajikata yenyewe.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. "Amepanda?" Bado, mzee. Nimemwambia wanavuta maji kwa ndoo, watu wengi, wote wako pale. "Ndoo," akasema. "Wakae upande wa juu wa kamba. Waambie." Nikamtuma Mogesi akimbie akawaambie.

Saa kumi na mbili na robo. Simu iliita na mimi sikuweza kuipokea. Nimesimama nayo mkononi mlangoni inalia. Ndipo nikawaona wanashuka kutoka mlimani, watu kumi hivi, wameshikana mikono kwenye utelezi, hakuna anayetambulika, wote ni tope. Sikujua yupi ni yupi. Nikaanza kuwahesabu kama mjinga, wakati sijui walipaswa kuwa wangapi.

Mmoja akatoka kwenye mstari akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu. Simu bado ilikuwa inaita. Akapangusa kiganja kwenye fremu ya mlango, akaninyooshea.

"Nipe, dada. Leo niseme mwenyewe."

Nikampa.

"Tata," akasema, "ni Matiko. Nimepanda."

Sijui mzee alijibu nini. Nilitoka nikasimama kwenye mvua na Mogesi, tukawaachia duka.